Kisima Nilichokitia Chumvi

Nilijiunga na mafunzo yale kwa hasira, wala si kwa kupenda mimea. Nilikuwa nimeachika miezi minne, nimerudi mtaani kwetu Langoni kwa mama, na kila mwanamke aliyekuja kununua mahamri yetu alinitazama uso kwanza kabla hajatazama sinia. Tangazo lilibandikwa kwenye duka la vifaa vya simu, hatua chache kutoka mlangoni petu. Lilisema wiki tatu za kujifunza kupanga shamba kwa kilimo cha kudumu, wenyewe wakikiita pamakalcha, pamoja na yoga na kutafakari, bure kwa wanawake wa visiwani. Mama alisema hayo ni mambo ya wageni waliokosa kazi. Nikaenda kujiandikisha siku hiyo hiyo.

Tulikuwa wanawake tisa, na mwalimu wetu alikuwa mama wa bara, mrefu, mpole, mwenye kutembea pekupeku kwenye matope bila kujali. Shamba la mafunzo lilikuwa nyuma ya mji, pale nyumba zinapokwisha na minazi inapoanza. Tukisha kusali alfajiri tulipanda darini, tukatandika mikeka yetu, tukaanza kujinyoosha. Kulikuwa na mkao mmoja wa kuinua kiuno na kuweka viganja chini ambao mwalimu aliuita mbwa. Tukatazamana. Mkeka nimeutawadhia, nimeusalia, leo nijifanye mbwa juu yake? Mmoja wetu akasema afadhali tuwe punda, punda angalau ni wa mjini. Mwalimu akacheka mpaka akakaa, na tangu siku hiyo mkao ule ukawa punda kwa darasa zima.

Baada ya viungo tulikaa kimya, macho tumefumba, tukifuata pumzi. Mwalimu alitufundisha kwamba sauti itakuja na ipite. Mtu ataita, simu italia, pua itawasha, nawe usifuate, kaa na pumzi yako. Wenzangu walihangaika, wakasinzia, wakakohoa. Mimi niliipata mara moja, na nadhani najua sababu. Nilikuwa nimetoka kwenye nyumba ambayo kwa miaka tisa nilipoitwa nilikimbia, na nikichelewa nilitukanwa. Leo mtu mzima ananiambia kwamba nikiitwa ninaweza kutoitika, na tena ni jambo zuri. Niliona nimefunguliwa mlango.

Mchana tulishika ardhi. Tulijifunza kugawa shamba kwa kanda, mboga za kila siku karibu na mlango wa jiko, miti isiyohitaji kutazamwa huko mbali. Tulifunga vijiti vitatu na kutundika jiwe katikati ili kupima mteremko. Tulichimba shimo, tukalizungushia migomba, tukaelekeza humo maji ya kuoshea vyombo. Tulikusanya mavi ya punda kwenye vichochoro tukichekwa na jamaa zetu wenyewe, nasi tukajua kwamba mji mzima ulikuwa ukiziba pua mbele ya utajiri. Nilipenda. Hilo silikani mpaka leo.

Lakini kulikuwa na sharti moja ambalo mwalimu alilirudia kila siku. Kabla ya kugusa shamba, kaa nalo mwaka mzima. Ulione likiwa kavu, ulione likiwa na mvua, uulize wenyeji maji yanatoka wapi na yanaenda wapi. Alisema yeye mwenyewe anatoka nchi ya milima, mambo ya kisiwani hayajui, kwa hiyo tuulize. Zamu yangu ilipofika ya kueleza shamba nitakalolipanga, nikasema ni la shangazi yangu kule Pate, na kwamba mwaka wa kukaa nalo siuhitaji. Nimekulia likizo zangu zote pale. Mwenyeji ni mimi.

Akanitazama kidogo, akasema, "Sawa. Kama wewe ni wa huko, unajua kuliko mimi."

Shangazi, dada mkubwa wa baba yangu, alikaa peke yake ukingoni mwa mji wa Pate, kwenye nyumba ya mawe yenye shamba nyuma. Yeye na mumewe hawakujaliwa mtoto. Walipokwisha kukata tamaa walichimba kisima, na mume alikijenga kwa mkono wake, jiwe kwa jiwe, kisha akatoboa ukuta wa shamba na kutia mlango mdogo upande wa njia, ili mpita njia yeyote aingie ateke bila kupiga hodi. Wakakitia nia kiwe sadaka. Wenye watoto huombewa na watoto wao wakisha kufa, na wao walitaka kitu kitakachobaki kikiwafanyia kazi hiyo. Maji yake yalikuwa matamu kuliko ya visima vyote vya upande ule. Mume alipofariki, shangazi alihamishia kiti chake karibu na dirisha la shambani, na kila aliposikia ndoo ikigonga maji alimwombea mumewe thawabu kwa sauti ya chini, "Imfikiye." Nilimsikia akisema hivyo tangu nikiwa na miaka kumi.

Kisima kile kilikuwa na masharti yake. Ndani, kwenye ukuta, palikuwa na jiwe moja jeusi lililotokeza kuliko mengine. Maji yakishuka mpaka jiwe lile likaonekana lote, hakuna kuteka tena hadi kesho. Na maji yalitekwa kwa ndoo ndogo tu, polepole, kutoka juu. Shangazi aliwaambia watu wote hivyo, na watu wote walimtii.

Nilipokwenda na karatasi zangu za kupimia, nilimuuliza kwa nini. Alikuwa akichambua mchicha.

"Mai matamu yamelala yuu, mwanangu," akasema. "Tini yake ni ya munyu. Ya tini usiyaamshe." Alimaanisha maji ya chumvi yaliyo chini ya yale matamu.

Fomu yetu ya kupangia shamba ilikuwa na safu mbili, upande mmoja mali ya shamba, upande wa pili vikwazo. Kisima nilikiandika kwenye mali. Maneno ya shangazi niliyaandika kwenye vikwazo, kwa mwandiko mzuri: "Imani za mwenyeji kuhusu maji." Daftari hilo ninalo. Nimewahi kutaka kulichoma, kisha nikaona hapana, acha likae linisute.

Mpango wangu ndio ulioshinda darasani, na zawadi ilikuwa pampu ya sola. Sikumbuki kufurahi vile hata siku ya harusi yangu. Niliipakia pamoja na miche ya mipapai, mindimu na mistafeli, nikavuka nayo kwenda Pate. Hiyo ilikuwa mwishoni mwa kaskazi, kisima kikiwa chini kabisa. Pampu ilipowekwa ikanyonya muda mchache, jiwe jeusi likaonekana, maji yakakatika. Basi nikatafuta watu wawili wa kuongeza kina. Nilimwomba ruhusa shangazi nikiwa nimeshapatana nao.

Aliacha alichokuwa akifanya. Kisha akanitazama, si kisima, mimi, toka kichwani mpaka miguuni, akasema, "Utakalo ndilo hilo, mwanangu?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Haya."

Nimefikiri sana juu ya lile "Haya" lake. Alikuwa ameniona nikiingia nyumbani kwake miezi ile nimekonda, sili, sisemi. Siku hiyo nilikuwa nikicheka. Alinikubalia kwa huruma, na mimi niliichukulia kama amekubali hoja yangu.

Wale watu waliteremka urefu wa mkono na nusu. Maji yakaja mengi, baridi, safi, nami nikayaonja mbele yao nikasema tazameni, matamu. Na yalikuwa matamu, siku hiyo. Nikahamia Pate kabisa. Jua likipanda pampu inaanza yenyewe, maji yanakimbia kwenye mifereji yangu, migomba inatoa majani mapya huku unaona. Watu walipita mlango mdogo na ndoo zao, wakasimama kutazama, wakasema mashallah. Nikampigia mwalimu picha nikamtumia, akajibu, "Iko poa sana, lakini usisahau kuonja maji kila wiki." Nikaona ni maneno ya mwalimu, walimu hawakosi la kuongeza.

Kila asubuhi, baada ya kusali na kujinyoosha, nilikaa kwenye mkeka uwanjani nikifumba macho kwa saa nzima. Nilikuwa nimefika mbali, hivyo ndivyo nilivyojiona. Asubuhi moja nikasikia champali za shangazi, ndara zake za ngozi, zikija kwenye mchanga. Zikasimama. Nikasikia harufu ya udi ya nguo zake, na nikamsikia akikaa chini, taratibu, kando yangu. Hakusema neno. Nami nikajiambia, sauti na ije, ipite. Nilijua yupo. Nilijua hana desturi ya kutoka nje mapema vile, magoti yalimsumbua. Nikakaa na pumzi yangu, na pampu nayo ikaanza kuvuma, na baada ya muda mrefu nikamsikia akijiinua kwa kushika ukuta, akaenda zake. Nilipofumbua macho nilijisifu kwamba sikutikisika.

Kesho yake akaja tena. Na kesho kutwa. Mara zote tatu alikaa kando yangu kimya, na mara zote tatu nilimwacha aondoke. Siku ya nne hakuja.

Ungeniuliza mbona sikumuuliza mchana, ningekujibu kwamba mchana nilikuwa na kazi. Chai aliniletea kama kawaida, na chai ilikuwa tamu kama kawaida.

Majuma mawili baadaye majani ya mipapai yakaanza kukauka ncha, rangi ya kahawia ikitambaa kuingia ndani. Nikafungua maelezo yangu ya darasa, nikasoma, nikaamua ni kiu. Nikaongeza maji. Yakazidi kukauka, nami nikazidi kuongeza. Asubuhi moja jirani, mke wa mtu wa nyumba ya pili, aliingia kwa mlango mdogo, akateka ndoo yake, akachovya kidole, akaimwaga pale pale mbele ya miche yangu. Niliwaka. Nilimwambia kama ana kijicho na shamba langu aseme, asimwage neema ya Mungu. Nilimwambia na mengine ambayo sitayaandika.

Yeye hakupandisha sauti. Aliniteremshia ndoo kisimani, akaitia maji upya, akanisogezea. "Onda mwenyewe," akasema.

Nikaonja. Nikayatema. Nikaonja tena, maana nilidhani ni mdomo wangu.

Niliingia ndani mbio nikamkuta shangazi kitini pake. Nikamuuliza, tena kwa ukali, Mungu anisamehe, kwa nini hakuniambia. Alikunja mikono mapajani.

"Nalikuya," akasema. "Siku tatu. Nalikaa kando yako nikakusubiri utowe salamu. Hukutowa."

Sikumwelewa mara moja. Akaniuliza, bila kejeli, kama mtu anayetaka kujua kweli, "Hino ni sala gani isiyo na salamu?"

Kwetu mtu akiwa kwenye ibada humsemeshi. Hata kupita mbele yake hupiti. Unakaa, unangoja ageuze shingo kulia atoe salamu, ageuze kushoto, ndipo useme lako. Shangazi aliniona mkekani baada ya alfajiri, macho nimefumba, nimetulia, akajua ni ibada, labda nyiradi ndefu nilizofundishwa huko. Alikuwa ameionja chumvi asubuhi ile ya kwanza, kwenye maji ya kusukutua. Alikuja kuniambia nizime pampu. Akangoja nimalize na Mungu kwanza. Angenigusa bega tu, kisima kingepona. Lakini mwanamke yule hangegusa bega la mtu anayesali hata nyumba ikiungua. Nami niliyemsikia, niliyejua yupo, nilikuwa sisali. Nilikuwa nikihesabu pumzi na kujipongeza.

Na ile chai? Alikuwa akienda jabiani kwa jirani, kwenye birika lao la maji ya mvua, akirudi na kidumu cha chai yangu na cha maji yangu ya kunywa na kutawadhia, kwa magoti yale, ili mgeni wake asinywe chai ya chumvi. Alichukulia mara tatu zile kuwa nimekataa kumsikia, akaona nikijua mwenyewe itaniumiza kidogo kuliko kuambiwa.

Nilizima pampu siku hiyo. Nikampigia mwalimu, naye akauliza tumechimba mpaka wapi. Alikuja kwa mashua maji ya bahari yalipojaa, akateremka kisimani mwenyewe, tukajaza mawe na mchanga pale nilipoongeza. Alilia kidogo akiwa kule chini. Aliniambia alipaswa kukataa ule mwaka niliojipunguzia. Nikamwambia hapana, na sikuwa nikimfariji. Yeye alisema tuulize wenyeji. Mimi mwenyeji nikajiuliza mwenyewe, nikajijibu.

Tukangoja masika. Mvua ikanyesha vizuri, maji yakapanda juu ya jiwe jeusi, nikaonja kila asubuhi. Yalipungua makali, hayakurudi. Ikaja masika nyingine. Ya kufulia yakafaa, ya punda yakafaa. Ya kunywa hapana. Migomba yangu ilikufa, mipapai ikafa, na mstafeli mmoja ukabaki hai kwa ukaidi tu. Watu wa njia wakaacha kuja. Wengine waliotoka mbali, wasiojua, waliingia, wakateka, wakaonja, wakatoka wakitema. Shangazi alikuwa akiwasikia kutoka dirishani. Siku moja nilimkuta ameegemeza gogo kwenye mlango mdogo kwa ndani. Nilipouliza, alisema si vyema kumwita mtu mwenye kiu kisha umpe munyu.

Nilipiga magoti mbele yake siku hiyo. Nilikuwa nimeshamwomba radhi mara nyingi, lakini kwa maneno ya haraka haraka, ya mtu anayetaka kusamehewa ili apumue. Mara hii sikusema mengi. Aliniwekea mkono kichwani. Alisema amenisamehe tangu siku ile ya kwanza, na kwamba mumewe, kama namjua, naye amesamehe. Kisha akasema jambo ambalo naona alikuwa amelifikiria kwa muda mrefu.

"Mwana hatukupata, na kisima ndicho hiki. Basi sasa tuombee wewe. Kula siku, baada ya sala. Utaweza?"

Nikasema nitaweza, kila siku. Nilisema upesi, kama nilivyojibu kila kitu maishani mwangu.

Alifariki mwaka wa pili baada ya hapo, akiwa usingizini. Mimi nimerudi Langoni, na kazi yangu sasa ni hiyo hiyo ya kupangia watu mashamba. Huwa sichori mstari mpaka nimekaa na mzee wa mahali pale na nimekunywa maji yake, na wateja wengine huniona napoteza muda. Viungo bado nanyoosha. Kufumba macho siwezi. Nikifumba nasikia champali kwenye mchanga, na nikifumbua hakuna mtu.

Na ninawaombea. Kila siku baada ya sala nawataja wawili, mume kwanza, kama shangazi alivyotaka. Nilidhani hiyo ndiyo itakuwa sehemu nyepesi. Watu waliteka kisima kile asubuhi na jioni, wengine hawajui hata nani alikichimba, na kila ndoo ilihesabiwa kwao bila mtu yeyote kukumbuka chochote. Leo wananitegemea mimi peke yangu, na mimi ni mtu wa haraka, mwenye simu, mwenye wateja, mwenye kichwa kinachokimbia. Jumatano iliyopita nilisahau. Nikakumbuka Alhamisi adhuhuri nikiwa sokoni, kikapu mkononi, muuza samaki akiniuliza kwa mara ya pili kama nataka tasi au nataka nini.